Nusu ya Jibu la Daktari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ya baridi isiyopiga kelele kwenye bati, na upepo unatoka upande wa milimani. Nguo nilizoanika juzi bado ziko kwenye kamba, nimeziacha. Nimewasha hita ya sebuleni, jambo ambalo hatulifanyi mchana.

Daktari anakuja saa kumi. Jana alinitumia ujumbe kwamba habari za dada yangu zimemfikia kwa kuchelewa, kwamba anaomba radhi kwa kutofika msibani, na kwamba anataka kuja hapa Doonside kutupa pole. Nikamjibu karibu sana. Halafu nikakaa na simu mkononi, kwa sababu kuna jambo Daktari halijui, na leo lazima niamue kama nitamwambia au nitanyamaza. Jambo lenyewe ni hili: dada yangu alikaa miezi minane na uvimbe kwenye titi akikataa sindano ya uchunguzi, na sababu moja ya kukataa ni maneno ambayo Daktari aliniambia mimi kwenye treni, nami nikayapeleka nyumbani.

Nimesema sababu moja. Sikusema sababu ni hiyo tu. Nataka kuwa wa haki, ndiyo maana nimeketi na daftari kabla hajafika. Nikimwandika mzima, mazuri yake na mabaya yake, huenda nikajua anastahili kuambiwa nini. Mimi niliishia darasa la nane na sijui kama hivi ndivyo mtu anavyoandikwa. Alizaliwa wapi na ni binti ya nani siandiki, maana sikuuliza, na yeye si mtu wa kusimulia. Ni Mtanzania, Kiswahili chake kimenyooka, amenizidi miaka kama kumi na tano. Hayo yatosha.

Nilifanya kazi karibu naye miaka tisa. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye maabara ya utafiti huko upande wa Parramatta: chupa, mirija, vyungu vya kioo, mikokoteni mitatu kwa siku. Yeye alikuwa na chumba ghorofa ya tatu na watu sita chini yake, baadaye watatu, baadaye mmoja. Wazungu wote walimwita kwa jina lake la kwanza, hata wanafunzi. Mimi sikuweza. Nilimwita Daktari tangu siku ya kwanza, na Papa mlinzi wa getini, Mkongo wa Bukavu, alimwita Dokta. Daktari mwenyewe aliniambia nisimpe shikamoo. "Unanizeesha, bibie." Lakini siku nikiisahau alinitazama juu ya miwani mpaka niitoe, ndipo akasema "Marahaba" taratibu, kama mtu anayepokea haki yake.

Papa alipenda kumchokoza. "Dokta, muvua iko nanyesha na hauna mwamvuli. Utagonjwa, nani atatutibia?"

"Mvua inanyesha, Papa. Inanyesha. Na mimi sitibu mtu."

"Aa, weye unaongeaka kama redio."

Daktari akacheka mpaka akashika lango. Nimeandika hilo kwa sababu watu wengi hawakujua kwamba anaweza kucheka.

Kwenye chumba chake kulikuwa na kabati la joto ambamo seli za saratani zilioteshwa kwenye visahani, zikilishwa maji mekundu siku baada ya siku. Kila alipotaka kulifungua aligonga mara mbili na kusema hodi. Nilidhani ni mzaha wa mbele yangu. Siku moja nikapita na mkokoteni, mlango uko wazi, yuko peke yake, nikamsikia: "Hodi. Hodi wenyewe."

"Daktari, unazipigia hodi?"

"Wewe unaingia nyumba za watu bila hodi?"

"Lakini hizo ni saratani."

"Ni seli za mama mmoja aliyekwisha kufa. Hazikujileta hapa."

Neno vita hakulipenda. Ukimsikia mtu akisema tunapigana na saratani, yeye hutikisa kichwa. "Nani anapigana? Mimi miaka yote nimeona seli inatafuta njia tu. Haina hasira na mtu. Hilo ndilo linalotisha."

Kazi yake alinieleza mara moja, nikaelewa, na sijaisahau. Nilikuwa nimeuliza kwa aibu, nikitazama chini.

"Kwenu nyama ngumu mnaifanyaje?" akaniuliza.

"Tunaipaka papai bichi, tunaiacha."

"Ndani ya papai kuna nini?"

"Utomvu."

"Na ndani ya utomvu?"

"Hapo sijui, Daktari."

"Kimeng'enya. Ni kama mkasi, hauonekani kwa macho. Unakata nyuzi za nyama, ndiyo maana inalainika. Sasa titi lako lina nyuzi kama hizo, ini lako lina nyuzi, wavu mzima unaoshika kila seli mahali pake. Uvimbe ukikaa ndani ya wavu, mtu anaweza kuishi nao. Ukipata mkasi, unatoka." Akatembeza vidole viwili juu ya meza yangu ya chuma, mpaka ukingoni. "Wengi hawafi kwa uvimbe wa kwanza, bibie. Wanakufa kwa safari."

Mikasi hiyo iko mingi mwilini, na mingine tunaihitaji. Daktari alikuwa amechagua mmoja tu na kuukalia maisha yake yote, akitafuta dawa ya kuukwamisha usifunguke. Hata sabuni yangu ya kuoshea alinionyesha ina vimeng'enya, ndivyo vinavyotoa doa la damu. Siku ile nilijisikia kama na mimi niko kwenye kazi.

Hasira zake nisizifiche. Mwaka wangu wa pili aliingia chumba cha kuoshea na kisahani mkononi, akakigonga mezani mbele ya watu wanne.

"Umeniulia kazi ya wiki sita! Sabuni! Hukusuuza!"

Nikasema nilisuuza.

"Basi zimekufa kwa kupenda!"

Nililia chooni. Siku kumi baadaye ikajulikana kwamba chujio la maji la jengo zima lilikuwa bovu. Akaja saa ya chai, watu wamekaa, akasimama na kusema kwa Kiingereza ili wote wasikie, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Nilikosea. Nilisema ni wewe kabla sijajua. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni aibu kubwa." Sikuwahi kuona mkubwa wa kazi akifanya hivyo, kwetu wala hapa. Lakini niandike pia kwamba haukupita mwezi akamfokea mwanafunzi wake vilevile, kabla hajajua, na akaomba radhi vilevile. Kwa hiyo alijua kuomba radhi. Kungoja hakujua.

Baada ya lile la chujio alinipa daftari lenye jalada gumu, kama yale wanayoandikia majaribio. "Andika kila siku umefanya nini. Nikikusingizia tena, unifungulie ukurasa." Akanifundisha kwamba usifute na usichane. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, mwembamba, ili kosa lenyewe lisomeke, kisha weka sahihi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika. Daftari la chupa likawa la chupa na mambo ya nyumbani, kisha la mambo ya nyumbani tu. Na ndiyo maana maneno ya kwenye treni ninayo kama yalivyosemwa. Au kama nilivyoyasikia, maana hayo ni mambo mawili.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tulikuwa na ibada ya Kiswahili kwenye ukumbi wa kukodi pale Quakers Hill, karibu na kwake. Wakenya, Wakongo, Warundi, Watanzania wachache. Daktari aliimba sauti ya pili. Aliniambia haamini kama tunavyoamini sisi, ila hapa Australia hakuna mahali pengine anapoweza kuimba akiwa katikati ya watu na asisikike peke yake. Basi watu walipojua ni daktari wa saratani, wakaanza kumletea magoti, presha, picha za eksrei za mama zao walioko Kisumu.

"Mimi si daktari wa watu," alisema. "Nendeni kliniki."

"Ana maringo huyu," nilisikia mama mmoja akisema wakati wa kunawa mikono. "Amesoma mpaka amesahau watu."

Na kuna siku mchungaji alimwinua ndugu mmoja aliyesema ameponywa, kisha akamgeukia Daktari: "Daktari wetu, simama utushuhudie." Akasimama. "Sijui," akasema. "Sijaona vipimo vyake. Nafurahi anatembea." Akaketi. Walimchukia mwezi mzima. Mimi pia nilimchukia kidogo, maana angeweza kusema amina akakaa, ingemgharimu nini?

Lakini haki ni haki. Mama mmoja Mrundi aliambiwa ana uvimbe, hana Kiingereza, mumewe yuko shifti za ghala. Alimwambia Daktari waziwazi: mimi ni mgonjwa, naogopa. Daktari aliacha kazi siku ya katikati ya juma, akakaa naye hospitali kutoka asubuhi hadi jioni, akamtafsiria kila neno, akawauliza madaktari maswali mpaka wakakereka. Akarudi naye mara nne. Hakutuambia, tuliambiwa na mama mwenyewe. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ukimwambia kuna mtu, anainuka. Ukimuuliza jambo, anakujibu jambo. Hivyo ndivyo alivyo, na mimi nilijua hivyo ndivyo alivyo, hilo niliandike lisomeke.

Ile dawa yake ya kukwamisha mkasi ilifanya kazi kwanza. Kwenye panya wa mwanzo uvimbe ulikaa pale pale, haukusafiri. Kulikuwa na keki kwenye korido, wageni walikuja na suti, chupa zangu ziliongezeka mara mbili. Kisha yeye mwenyewe, bila kulazimishwa, akataka kujaribu tena kwa panya ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwisha anza safari. Hao dawa iliwazidishia. Ikaonekana mkasi ule ule ulikuwa na kazi ya pili, ya kuzuia, na ukiukwamisha umezuia kizuizi. Nilikuwa nakusanya chupa chafu nikamsikia mwenzake akimsihi, kwa Kiingereza changu nilielewa hivi: ngoja, rudia kwanza, usitoe sasa, pesa za utafiti zinaamuliwa mwezi ujao.

"Panya wameshasema," Daktari akamjibu.

Akaandika yote, akayatoa kwenye jarida la utafiti. Watu wake wakaondoka mmoja mmoja. Chumba kikapewa wengine, yeye akawekewa meza pembeni ya mashine ya kunakili karatasi. Nilimkuta pale akila njugu huku amesimama, siku zile hakuwa akila ameketi.

"Umeumia, Daktari?"

"Sana." Akaendelea kula.

Kwa hiyo huyo ndiye mtu. Haongezi, hapunguzi. Ila ukimuuliza atatoka saa ngapi atakuambia dakika mbili, na hizo dakika mbili ni saa nzima, mara zote, kwa miaka tisa.

Sasa treni. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka juzi, wiki ile ile aliyohamishwa chumba. Tulipanda pamoja Parramatta, treni inayokwenda kwake Quakers Hill. Mimi hushuka Blacktown nikabadilisha ya Doonside. Dada yangu alikuwa amegundua uvimbe wiki tatu nyuma. Daktari wa kliniki alimpangia sindano, wachukue kipande wakakitazame, Alhamisi. Dada aliniapisha nisimwambie mtu. Kwetu mtu akitajwa ana ugonjwa wa titi amekwisha zikwa. Kundi la simu la Wataita wa Sydney lingeanza maombi kabla hatujajua anaumwa nini, na kazini kwake, alikokuwa akiogesha wazee, wangeanza kumhurumia. Na alikuwa na hofu yake ya zamani. "Nimewaona," aliniambia. "Mzee anakaa na uvimbe miaka, wanamfungua, mwezi huo huo anakwenda. Kisu kinaiamsha."

Alinikubalia nimuulize Daktari mradi nisimtaje, na mimi nilitaka kuuliza na nilitaka kutunza kiapo. Basi nikauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, tulipokuwa tumepita Seven Hills.

"Daktari, watu husema kisu kinaamsha saratani. Ni uongo?"

Akanigeukia mwili mzima, uso umechangamka. Wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu cha kazi yake.

"Si uongo wa kijinga, bibie. Watu wameona kitu. Mwili ukikatwa unatuma vimeng'enya vya kufungua njia, ili nyama ipate kushona. Ni mikasi ile ile. Uvimbe ulio jirani unaweza kuiazima. Kwenye panya nimeona mwenyewe, kidonda kikauchokoza uvimbe uliokuwa umelala. Lakini..."

Milango ikafunguka, Blacktown. Watu wakasukumana, treni ya Doonside ilikuwa ng'ambo ya pili inakaribia kuondoka. Nikashuka. Nilipogeuka, midomo yake ilikuwa bado inasema nyuma ya kioo na kidole amekiinua.

Nyumbani dada aliuliza hata kabla sijavua viatu. "Amesemaje?"

"Amesema si uongo."

Akafumba macho. "Asante Yesu. Nilijua sina wazimu."

Akapiga simu akafuta Alhamisi. Akapangiwa tena, akafuta. Mwezi wa nne mwaka jana mgongo ukamshika akashindwa kuinama kazini, wakampiga picha, ukawa uko kwenye mifupa, na ini. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alifia chumba cha nyuma hapa hapa mwezi wa tisa, mimi na binti yake Wakesho tumemshika miguu, kwa sababu alisema miguu ndiyo inayosikia baridi.

Niseme na hili. Nilimuuliza daktari wa hospitali kama ile miezi minane ndiyo iliyomuua. Akasema huenda ilikuwa imekwisha sambaa hata kabla ya Alhamisi ile, huenda haikuwa, hakuna anayeweza kujua. Nesi ndiye aliyeniambia kwamba sindano ya uchunguzi haimzidishii mtu ugonjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Nilishukuru.

Asubuhi hii Wakesho aliniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nimwache bibi wa watu, amezeeka, kumwambia kutamrudisha nani?

Na kuna jambo moja la kesho yake, baada ya treni. Halimo hapa. Liko kwenye daftari la mwaka juzi, nimelitoa kabatini na sijalifungua. Mlango umegongwa.

Jioni, mezani tena.

Alikuja amelowa, na mfuko wa machungwa. Amepungua. Alistaafu miezi michache baada ya ile treni, akaacha na kuja ibadani, na sikuwa nimemwona tangu hapo. Nilimpa shikamoo, akaitika bila mchezo. Alimshika Wakesho mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia, "Pole, mwanangu. Pole sana." Tukakaa. Wakesho akaenda kupika chai.

Dakika kumi alizungumza kama wanavyozungumza watu wanaokuja kutoa pole. Kisha akashindwa, akawa yeye.

"Aligundua lini?"

"Mwezi wa nane, mwaka juzi."

"Na kupimwa?"

"Wa nne."

Alihesabu kwa vifundo vya vidole. "Miezi minane. Kwa nini?"

Jikoni kijiko kikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha amua kunyamaza, naapa nilikuwa nimeamua, kwa sababu ya ule mfuko wa machungwa. Lakini nilishindwa kutunga uongo mbele ya mtu huyu. Nikasema, "Kwa sababu yangu na yako, Daktari." Nikafungua daftari la mwaka juzi, nikampa.

Alisoma akiwa amelielekeza dirishani. Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu alifuata maneno kwa kidole.

"Baada ya lakini hukuandika kitu."

"Sikusikia. Nilikuwa nimeshuka."

"Huwa nasema hivi: lakini sindano ya uchunguzi haijaonekana kumdhuru mtu, kinachomdhuru ni kukaa bila kujua. Nimewaambia hivyo watu wengi."

"Na siku ile ulisema?"

Nilikuwa tayari. Akisema ndiyo, nitaandika ndiyo, nitaamini, tutakunywa chai.

"Sijui, bibie. Ningependa sana kukumbuka nikilisema. Huenda nilikuwa bado naeleza panya."

Wakesho akaleta chai, akaiweka, akarudi kusimama mlangoni pa jikoni.

"Kwa nini hukuniambia kuna mtu?" Daktari akauliza. Sauti yake haikuwa ya kunilaumu, ningependa ingekuwa.

"Niliapa."

"Ningeshuka na wewe. Ningeshuka pale pale Blacktown nikaja hapa."

"Najua."

Nilijua hata siku ile. Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata, na kwa kuwa hakufungua nikaufungua mimi. Ni mistari michache. Saa mbili asubuhi alishuka chumba cha kuoshea na chupa tupu, akasema, "Jana ulishuka sijamaliza." Nami nikamjibu, "Nilielewa, Daktari." Basi. Nimeandika hapo kwa mkono wangu kwamba dada amelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Sikutaka nusu ya pili. Aliniletea mpaka kwenye sinki langu na mimi nikakataa kuipokea.

Alivua miwani. Nilingoja alifunge daftari, anirudishie na mzigo wote, nami ningeupokea maana ni wangu.

"Nilijua hukuelewa," akasema. "Hakuna anayelielewa lile kwa dakika nne. Wanafunzi wangu lilikuwa likiwachukua mwaka. Lakini nilikuwa nahamisha vitu vyangu, na nilikuwa na uchungu na kila mtu, nikafurahi umesema umeelewa. Nikaenda zangu."

Ndipo Wakesho akasema, kwa Kiswahili, sijui ni lini mara ya mwisho nilimsikia akikisema kirefu hivyo: "Mama angekataa tu. Hata kama mngemwambia yote."

Daktari akamgeukia. "Unajua hivyo, mwanangu, au unatuhurumia?"

Wakesho alifungua mdomo. Machozi yakamtoka. "Nawahurumia," akasema.

Hakuna aliyeinuka kumnyamazisha. Chai ikapoa. Nje kulikuwa kumeanza giza na mvua ile ile. Nilidhani sasa Daktari atatafuta koti lake, na koti lilikuwa nyuma yangu, nikainuka nimpe.

"Naomba nisiondoke sasa hivi," akasema. "Kama mnaweza kunivumilia."

Wakesho alifuta uso kwa mkono wa sweta na kuhesabu sahani kwa sauti, tatu. Tulikula wali uliobaki jana, dengu, na kabeji ya kukaanga, na machungwa baadaye. Dengu zilikuwa na chumvi kali, nadhani nilitia mara mbili. Tulizila zote.